Tundu la Kidole Gumba

Siku mikasi mipya ilipofika karakanani, Mzee Melkizedeki alituita wakataji wote watatu mbele ya meza kubwa, akavua kofia, akaomba sala fupi ya shukrani, kisha akamkabidhi kila mmoja wetu mkasi wake kama mtu anayetoa baraka.

"Kuanzia leo sitaki kuviona vile vyuma vyenu vya kuokoteza," alisema. "Karakana moja, mkasi wa aina moja. Mgeni akiingia hapa aone kiwanda, asione genge."

Mikasi yetu ya zamani ikatiwa kwenye boksi, boksi likaingizwa stoo, stoo ikafungwa kufuli. Wangu nilikuwa nimepewa na mama nilipomaliza chuo cha ufundi. Wa Hedwiga, mkataji mwenzangu, ulikuwa umeshanolewa mara nyingi hata makali yake yamekuwa membamba kama jani la mkonge.

Mimi naitwa Asnath. Nimezaliwa Chome, huko juu ambako ukungu wa mlima Shengena unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Nilishuka Same kutafuta kazi, nikaipata kwa Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa na mwenye karakana ya sare za shule nyuma ya soko. Washonaji walikuwa wengi. Wakataji tulikuwa Hedwiga, Redempta na mimi. Watu wakiona kaptura ya mwanafunzi imekaa vizuri humsifu aliyeshona. Hawajui kwamba kabla ya cherehani kuna mtu amesimama tangu asubuhi, mbele yake khaki imelazwa tabaka juu ya tabaka, na kila anapoufumba mkasi uzito wote wa kitambaa kile unapita kwenye kidole gumba chake. Vidole vingine vinasaidiana. Gumba liko peke yake kwenye tundu lake.

Na tundu la mikasi ile mipya lilikuwa dogo. Sijui aliyeitengeneza alikuwa anamfikiria nani. Labda mtoto wa darasa la pili. Asubuhi, mji ukiwa bado na ubaridi kidogo, gumba liliingia kwa kusukumwa. Ikifika saa nane mchana, joto limejaa chini ya bati na mikono imevimba kama inavyovimba kila siku Same, lilikuwa halitoki. Ukingo wa ndani ulikuwa mkali, hakuna aliyejisumbua kuusugua, nao ulikaa palepale juu ya kifundo ukala nyama. Nilianza na malengelenge. Yakapasuka, yakaota sugu, halafu chini ya sugu maumivu yakapata njia, yakashuka kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Usiku nikigeuka kitandani nikaulalia mkono, nilizinduka nikidhani nimeumwa na tandu.

Redempta akajifunga plasta. Plasta ikaacha gundi kwenye tetroni nyeupe ya mashati, akakatazwa. Akajaribu kuingiza ncha tu ya kidole. Mkasi ukateleza, ukamchana mkono wa pili. Akakatazwa kuvuja damu karibu na kitambaa cheupe. Nasema kweli, maneno yalikuwa hayohayo: "Usinivujie damu hapa."

Hedwiga ndiye aliyekwenda kusema kwa niaba yetu, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu. Baba yake alikuja upande huu kutoka Kigoma kukata mkonge, naye akakulia kwenye kambi za shamba, akaolewa Kisiwani, akajifunza kukata nguo kwa mume wake aliyekuwa fundi. Mimi chuo kilinipa cheti, lakini kukata nilifundishwa na Hedwiga. "Usiukimbize mkasi," alikuwa akiniambia. "Uache ule wenyewe."

Alisimama mbele ya Mzee Melkizedeki, mikono ameifumbata nyuma.

"Mzee, tunaomba mikasi yetu ya zamani. Hii mipya inatuumiza magumba."

"Inawaumiza, au hamjaizoea?"

"Tumeizoea, Mzee. Ndiyo maana tunajua kwamba inatuumiza."

Mzee Melkizedeki aliwatazama washonaji kwanza, kama msemaji anayetafuta makofi, halafu akasema, "Hedwiga, mama yangu amelima tangawizi mlimani mpaka siku tunamzika. Sikuwahi hata siku moja kumsikia anazungumzia kidole."

Washonaji wakacheka. Sikuwalaumu sana, maana mtu akicheka na bosi siku yake inapita salama. Lakini mimi nilisimama pale nikiwa nimekaza meno. Mama yake alilima kwa jembe ambalo mpini wake aliuchonga mwenyewe, au alichongewa na mtu aliyeujua mkono wake. Mpini ukimchubua aliuparua kwa kipande cha chupa, na hakuna mtu aliyemwambia ameharibu jembe. Maneno hayo yote yalinijia. Sikuyasema. Nikarudi mezani nikaingiza gumba langu kwenye lile tundu.

Ilikuwa miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wa kazi nyingi. Shule zikifunguliwa Januari kila mzazi anataka sare jana. Tulikata khaki, tulikata tetroni, tulikata vile vitambaa vizito vya sweta za bluu ambavyo hata mkasi mzuri huvilalamikia.

Siku moja mchana tulikuwa tumekaa nyuma ya karakana tunakula makande. Nikaona Hedwiga anashika kijiko kama mtoto, amekifumbata kwa ngumi.

"Gumba bado linachoma?" nikamuuliza.

"Halichomi tena."

"Basi afadhali, limepona."

"Halijapona, Asnath. Silisikii."

Alichomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, pini ya kazi, akaichomeka kwenye nyama ya gumba lile bila hata kukunja uso. Akaiacha imesimama. Akanitazama. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

"Usimwambie mtu," akasema, akaichomoa pini na kuirudisha kwenye ukosi. "Akijua ataniondoa."

Nilinyamaza kama alivyoomba, na haikusaidia kitu. Gumba lisilosikia halijui mkasi umeelekea wapi. Wiki hiyohiyo Hedwiga alikuwa anakata sketi za shule moja ya huko tambarare, bunda zima, na mkasi ukahama kwenye mstari wa chaki ukaingia ndani. Yeye hakuhisi. Alipoona, tayari tabaka zote zilikuwa zimeliwa kiunoni.

Mzee Melkizedeki alilinyanyua bunda lile mbele ya watu wote, akalishikilia kwenye mwanga wa dirisha, na tundu lile likaonekana hadi nyuma.

"Macho yamekwisha, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionikera kuliko ukali. "Umefanya kazi vya kutosha. Nenda ukapumzike na wajukuu."

"Siyo macho, Mzee. Ni gumba. Nilikwambia."

"Basi na gumba nalo likapumzike."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hedwiga aliukunja mtandio wake, akauweka mkasi mezani taratibu, kwa mkono wa kushoto, akatoka. Niliomba ruhusa ya saa moja nikanyimwa, nikaondoka hivyohivyo kumpeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye haraka lakini si mbaya, alimgusagusa gumba kwa kipande cha pamba na kuuliza unasikia hapa, unasikia hapa. Kila mara Hedwiga alitikisa kichwa. Daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwa muda mrefu mahali palepale. Unaweza kurudi ukipumzishwa. Unaweza usirudi.

"Mlikuwa mnafanya kazi gani ya kujibana hivi?" akatuuliza.

"Tunakata sare za watoto wa shule," nikajibu, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi ilivyokuwa aibu. Aibu ile haikuwa yetu.

Jumamosi, kazi ilipoisha, niliuviringisha mkasi wangu kwenye khanga, nikautia kwenye mkoba nikapanda gari la Chome. Njia ile wanaijua wanaoipita: mawe, kona, korongo upande mmoja, na dereva anayesalimiana na kila mtu. Kadiri tulivyopanda joto lilibaki chini, na mikono yangu ikapungua uvimbe. Nilifika nyumbani jioni, nikalala, na asubuhi baada ya ibada nikaenda kwa mjomba Loth.

Mjomba Loth ni mhunzi, kwa sababu ukoo wake ni wa wahunzi. Anafua miundu na majembe kwa vyuma vya springi za malori, na siku nyingine anachomelea mageti kama watu wengine. Nilimkuta amekaa nje anavua soksi za kanisani.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo umeletwa na nini?"

Nikamwonyesha mkasi. Nikamwonyesha na gumba. Alilishika, akaligeuza, akatoa sauti ya kunyonya meno.

"Na wewe umevumilia?"

"Sikuja kugombezwa, mjomba. Linaweza kupanuliwa hili tundu?"

Alikwaruza chuma kwa tupa mahali pasipoonekana, akasikiliza, akasema si chuma cha kumimina, hakitapasuka. Akayafunga makali ya mkasi kwa gunia lililoloweshwa maji ili moto usiyalegeze, akalitia tundu kwenye makaa na kuvuta mvukuto mpaka likawa jekundu. Halafu akalivika kwenye ncha ya mtaimbo, mahali unapoanza kuwa mnene, akaligonga kidogokidogo likashuka huku linatanuka. Nilifurahi kama mtoto. Lilipopoa nikaingiza gumba, likaingia lote bila kugusa ukuta.

Nikaanza kukata gunia kuukuu. Baada ya muda mfupi nikasikia maumivu yaleyale yamehamia mahali pengine, kwenye msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada.

"Limekuwa kubwa," nikasema.

"Ulitaka lipanuliwe."

"Ndiyo, lakini sasa linacheza. Ili mkasi usinidondoke lazima nikunje gumba na kuubana muda wote."

Mjomba Loth alikuna kichwa. Akakiri kwamba hajawahi kutengeneza mkasi wa mtu, miundu tu, na mundu una mpini. Tukakaa tukatafakari. Mke wake alipotuletea chai alituambia kwamba viatu hununuliwa jioni, miguu ikiwa imetanuka, kwa hiyo na gumba lipimwe likiwa limechoka. Mjomba akacheka, mimi sikucheka. Nilichukua jembe nikalima kipande cha bustani yao chini ya jua, Mungu anisamehe siku ile ya Jumapili, mpaka mkono ukavimba. Kisha nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikaukanda, nikauzungushia gumba langu kama ninavyolishika nikikata, nikalichomoa. Ndani ya udongo ule tukaona jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: gumba halikuingia wima. Liliingia limelala, limeelekea upande wa mwilini. Na tundu la mkasi lilikuwa limetobolewa wima, kama la ufunguo.

Mjomba alilirudisha motoni. Akaliminya kidogo, akalipindisha lifuate udongo. Halafu tupa, upande wa ndani wote, mpaka ule ukingo mkali ukawa mviringo kama mdomo wa kikombe. Halafu msasa. Mwisho nikachukua ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, nikauvisha ndani na kuushona kwa nje kwa uzi wa nta, ili gumba likipungua asubuhi ukanda ulishike, na likivimba mchana ngozi ilegee. Nilikata lile gunia lote. Nikakata na shuka kuukuu la mjomba kabla hajanizuia. Sikusikia kitu, yaani nilisikia gumba langu, zima, likifanya kazi yake.

Nilishuka na gari la kwanza la Jumatatu nikiwa nimefurahi. Na kule kufurahi ndiko kulikonikasirisha njiani. Mchana mmoja, tupa, udongo, ngozi ya mbuzi. Kukosa hivyo tu ndiko kulikomkosesha Hedwiga mkono wake.

Redempta aliona nakata haraka, akaniomba ajaribu. Akaingiza gumba lake, akalitoa.

"Linanibana huku pembeni."

"Ni la kwangu hilo. La kwako litapimwa kwa gumba lako."

"Kila mtu na lake?"

"Kila mtu na lake."

Mzee Melkizedeki alikuwa amesimama nyuma yetu. Alinyoosha mkono, akauchukua mkasi, akaishika ile ngozi kwa ncha za vidole kama anashika panya.

"Hiki ni nini?"

"Ngozi ya mbuzi, Mzee."

"Nani alikuruhusu kuharibu mali yangu? Umeuchoma moto! Mkasi mpya!" Sauti ilipanda mpaka mashine zikapunguza mwendo. "Ofisini. Sasa hivi. Na nikimpigia simu polisi usije ukalia."

Nilikuwa sijawahi kuingia ofisi ile zaidi ya mlangoni. Ilikuwa na meza, picha ya harusi, kalenda ya kanisa, na ukutani, kwenye misumari miwili, mkasi mkubwa mweusi. Wote tulikuwa na habari zake. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa: huu ndio nilioanza nao, kibarazani pale sokoni, sina kitu, ila mkasi huu na Mungu. Hadithi ile tulikuwa tumeisikia mpaka tunaweza kuisema tumelala.

Alikaa, akaanza kunisomea makosa yangu. Utovu wa nidhamu, uharibifu, uchochezi. Mimi nilikuwa nautazama mkasi ule. Kwa mbali siku zote nilikuwa naona tundu lake ni jeusi, nikadhani ni kutu. Kwa karibu niliona kwamba ni mpira. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, umekatwa ukanda, umezungushiwa kwenye tundu la gumba, umefungwa kwa uzi uliokazwa vizuri. Na tundu lenyewe lilikuwa limepindishwa, limelala kuelekea upande wa mwilini.

Nilizunguka meza nikautungua.

"Rudisha hapo!"

"Mzee, nani aliuzungushia mpira mkasi huu?"

Alinyoosha mkono auchukue.

"Na nani alilipinda tundu lake?"

"Hayo hayakuhusu. Ilikuwa zamani. Nilikuwa nakata peke yangu, mchana kutwa, na mkasi ule ulikuwa—" Akakatisha.

"Ulikuwa unakuumiza."

Alikwepa macho yangu. Miezi yote ile nilikuwa nimejipa moyo kwamba hajui. Nilijiambia ni mwanaume, ni tajiri, hajawahi kushika mkasi siku nzima, mtu asiyejua si mtu mbaya. Kumbe alijua. Alijua mahali hasa panapouma. Alisikia Hedwiga akisema gumba, na gumba lake mwenyewe likakumbuka, na bado akawageukia washonaji awachekeshe.

"Ulijua," nikamwambia. "Kila siku unakaa kwenye kiti hicho, mkasi huu uko nyuma ya kichwa chako, halafu ukatoka ukamwambia Hedwiga kwamba hajazoea."

"Asnath, chunga mdomo wako. Mimi ni kama baba yako."

"Baba yangu angenipa mpira."

Nilitoka na mkasi ule mkononi. Alinifuata akiita jina langu, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye meza ya kukatia. Nikamkabidhi Redempta.

"Ingiza gumba."

Akaingiza. Akautazama ule mpira, akamtazama Mzee Melkizedeki mlangoni, akaelewa kabla sijasema neno. Akampa mshonaji aliyekuwa karibu. Huyo naye akaingiza gumba lake, akaubonyeza mpira kwa kucha, akampa wa jirani. Ukaenda hivyo, meza hadi meza, na kila ulipofika mashine ilinyamaza. Sikuwaambia wanyamaze. Wale waliocheka siku ile walichukua muda mrefu zaidi kuutazama. Mwisho karakana nzima ikawa kimya, unasikia malori tu kwenye barabara kuu.

"Rudini kazini," Mzee Melkizedeki akasema.

Redempta alichukua mkasi wake mpya, akauweka sakafuni, siyo mezani.

"Mimi sikati na huu," alisema. "Nifukuze."

Hakumfukuza. Aliingia ofisini akafunga mlango. Kabla ya saa sita simu yake ililia mara kadhaa. Walimu wakuu walikuwa wanaulizia sare zao, na tulimsikia akisema ndiyo mwalimu, zipo mwalimu, kesho mwalimu. Khaki ilikuwa imelala mezani haina mtu wa kuigusa. Mchana alitoka, akautupa ufunguo wa stoo kwenye meza bila kututazama.

"Chukueni vyuma vyenu. Na hiyo mipya, anayetaka kuifua akaifue."

"Na Hedwiga?" nikauliza.

"Hedwiga atafanya nini hapa na gumba limekufa?"

"Gumba lilikufa hapa. Atakagua nguo na kukunja. Macho yake ni mazima, hata wewe unajua."

Alikunja uso. Nilidhani atakataa. Akasema, "Mwambie aje," kwa namna ya mtu anayetema kokwa.

Mjomba Loth alishuka na tupa zake na mvukuto, akatengeneza mikasi nyuma ya karakana. Kila mmoja wetu aliletwa jioni, baada ya kazi, gumba likiwa limechoka. Nilikanda udongo mimi. Hata washonaji waliokuwa na vimkasi vya kukatia nyuzi walikuja kuomba. Hedwiga alirudi. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akakagua mishono, na kila kosa aliliona. Gumba lake lilikuwa limeanza kusikia baridi na moto, basi. Pini hapana.

Mwezi wa pili, sare zote zilipokwisha kutoka, Mzee Melkizedeki alitoa sadaka ya shukrani kanisani na kuomba wafanyakazi wote tuhudhurie. Hedwiga ni Mkatoliki, lakini alikuja. Alikaa kati yangu na Redempta, amevaa gauni lake la kitenge cha kijani. Baada ya mahubiri Mzee alipewa nafasi. Alizungumza vizuri, ana kipaji hicho. Alimshukuru Mungu kwa mwaka. Halafu akasema:

"Na mwaka huu Bwana aliniwekea moyoni jambo kuhusu wafanyakazi wangu. Nikaona wanaumia mikono. Nikasema hapana, hawa ni watoto wangu. Nikamleta mhunzi mpaka hapa, kila mmoja akapimiwa kidole chake. Nani anafanya hivyo Same hii?"

Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikapigwa kutoka upande wa kwaya. Redempta alinishika goti ili nisisimame, na nilibaki nimekaa, kwa sababu Hedwiga naye alikuwa ameinamisha kichwa na sikutaka watu wageuke wamtazame.

Nilimngoja nje, chini ya jua, kwenye ngazi. Alitoka akipeana mikono na watu. Aliponifikia alitabasamu.

"Asnath. Ibada imekuwa nzuri."

"Mzee, umesema uongo kanisani."

Tabasamu lilibaki, ila likakauka. Alishusha sauti. "Wewe msichana una matatizo gani? Mikasi si mmepata? Bibi yako si nimemrudisha? Mnataka nini tena?"

"Ungesema jina lake. Ungesema kwamba ulimfukuza."

"Ili iweje?"

"Ili iwe kweli."

Alitikisa kichwa kama mtu anayehurumia mgonjwa, akageuka kumsalimia mtu mwingine. Nilimtazama kisogoni. Hasira yangu haikuwa imepungua hata kidogo. Ninaandika haya bado ninayo. Watu huniambia tumeshinda, nishukuru. Wanaosema hivyo huwa wananionyesha mikono yao mizima.

Hedwiga alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake, ule wa kufyatuka kwa kitufe. Alikuwa analisukuma gumba juu ya kitufe kile, linateleza, analirudisha, linateleza tena, jua likimpiga usoni, huku watu wakipita wakimwambia hongereni, mna bosi mzuri.

Nikaenda nikamfungulia.